Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Maneno kwa Bodaboda na Mafundi wa Tanga

Wazee wetu wa vijiwe, shikamooni. Ndugu madereva, mafundi, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi, hamjambo. Tunashukuru mmeacha abiria wa asubuhi mkaja.

Tumekuja kuzungumza juu ya pikipiki inayogoma kuwaka, na juu ya fedha zinazopotea kwa kubahatisha. Mwenendo wake mnaujua. Pikipiki inagoma Chumbageni, mwenyewe anaisukuma hadi Ngamiani. Inatazamwa dakika mbili, hukumu inatoka: CDI, kile kisanduku kinachoamuru moto wa plagi, imekufa. CDI inanunuliwa, pikipiki haiwaki. Basi ni koili, ile inayopandisha umeme wa plagi. Koili inanunuliwa, haiwaki. Inafuata betri. Jioni mtu anaishika soketi iliyo chini ya tangi, anaitikisa, injini inanguruma. Hesabu ya siku kadhaa ya tajiri mwenye pikipiki imeishia dukani, na vile vifaa vya zamani vilivyotupwa vilikuwa vizima.

Ombi letu ni hili: usinunue kifaa ambacho hujakipima, na usikipime bila kukitwisha mzigo. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayowapita wengi.

Kipande hiki cha waya kitapita mkono kwa mkono, mkitazame vizuri. Nje tepu nyeusi imekaa sawasawa, huwezi kukishuku. Ukikikata plastiki yake unaona shaba imegeuka kijani, na ndani zaidi imekuwa nyeusi. Nyuzi zinazong'aa zimebaki mbili. Nikiweka mita mwishoni mwa waya huu inasoma volti 12.5, na hapo fundi wengi husema umeme unafika, tuendelee mbele. Sasa nafunga balbu ya indiketa, ya wati 10, kwenye waya huohuo. Balbu inatoa wekundu tu, na mita imeporomoka hadi volti 4. Mita haitumii umeme wa maana, uzi mmoja unaitosha. Mtu aliyeketi kitini huwezi kujua kama ana nguvu. Mtwishe gunia ndipo utajua. Na umeme wa pikipiki uutwishe mzigo kwanza, ndipo uusome.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko bara. Chumvi ya bahari iko hewani Raskazone, iko Tongoni, na anayevuka na kivuko cha Pangani anarudi nayo kwenye nyaya. Mvua za masika zikiongezeka juu yake, kila kiungio kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu kinaanza kuoza. Kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza Tanga ni kiungio: soketi, kichwa cha betri, boliti ya ethi, yaani pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chuma. Kifaa cha bei kubwa ni mtuhumiwa wa mwisho.

Vifaa vya kupimia si vingi. Mita ya bei ya kawaida inatosha, mradi ina volti za DC, volti za AC, omu za kupima ukinzani, na ule mlio wa kuonyesha waya umeungana. Ongeza balbu ya nyuma ya volti 12, wati 21, iliyofungwa nyaya mbili, msasa laini, na plagi moja mpya unayojua ni nzima. Ukiwa na hivyo, kazi nyingi zinamalizika hapohapo kijiweni.

Tuanze na swali linalogawa kazi yote: ukibonyeza stata, injini inazunguka au haizunguki? Umeme wa kuzungusha injini na umeme wa kutoa moto kwenye plagi ni njia mbili tofauti. Stata ikiwa kimya, usiguse plagi. Injini ikizunguka kwa nguvu bila kuwaka, achana na stata.

Ukibonyeza ikawa kimya kabisa, bila hata mlio wa rilei, ile swichi inayopitisha umeme mkubwa wa stata, tazama kwanza yale yanayoaibisha: swichi nyekundu ya kuzimia, taa ya kijani ya gia huru, swichi ndogo iliyo kwenye mkono wa klachi, na stendi ya pembeni kwa pikipiki zenye swichi ya stendi. Halafu fyuzi. Fyuzi usiitazame kwa macho tu; weka mita kwenye miguu yake yote miwili ikiwa mahali pake, kwa sababu mara nyingi uzi wake ni mzima ila mguu umeota kutu.

Fyuzi ikiwa imekatika, weka yenye ampea zilezile. Pikipiki nyingi zetu hutumia ya 10 au 15. Ikikatika tena, kuna shoti, na hapa ndipo mtu huweka waya wa shaba au karatasi ya sigara. Tunawasihi msifanye hivyo. Fyuzi iliwekwa ikatike yenyewe ili waya usiungue. Ukiifunga kwa shaba, kitakachokatika sasa ni mkanda mzima wa nyaya, nao unapita chini ya tangi la petroli. Toa fyuzi, weka ile balbu ya wati 21 mahali pake, zima taa zote, washa funguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, umeme unakimbilia kwenye bodi mahali fulani. Sasa chomoa soketi moja baada ya nyingine: honi, taa ya nyuma, indiketa, swichi za usukani. Utakapochomoa moja balbu ikafifia au ikazimika, shoti iko upande huo. Fyuzi hazipotei, waya hauungui, na una muda wa kutafuta.

Mahali pa kutazama kwanza ni shingo ya usukani, ambako nyaya hukunjwa kila unapogeuza. Kisha chini ya siti, hasa siti iliyoongezewa sponji ikabana nyaya. Kisha ndani ya bodi ya tairi la nyuma, na pale keria ilipochomelewa.

Na hapo kwenye keria tusipite haraka. Ukitaka kuchomelea chochote kwenye pikipiki, toa waya wa hasi wa betri, chomoa soketi ya CDI na ya rektifaya, kile kifaa kinachosawazisha umeme wa kuchaji betri, na kibanio cha mashine ya welding kikae karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Umeme wa welding ukipata njia kupitia vifaa hivyo unaviua, na mtu anaondoka gereji na keria mpya na pikipiki isiyowaka bila kuelewa vimehusiana wapi.

Sasa stata inayolia tik-tik-tik. Hiyo ni betri dhaifu au vichwa vya betri vilivyolegea. Betri ipimwe ikiwa imepumzika. Iliyotoka barabarani sasa hivi inasoma juu kuliko uwezo wake, iache saa chache. Iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Kwenye 12.4 imebaki na robo tatu hivi, kwenye 12.2 nusu, na chini ya 12 imekwisha. Kisha itwishe: acha mita kwenye vichwa vyake, bonyeza stata, tazama. Ikibaki juu ya volti 9.6 wakati inazungusha, inafaa. Ikitoka 12.6 ikaanguka hadi 6 au 5, sahani zake zimekufa hata kama jana ililala kwenye chaja usiku kucha.

Kwenye kuchaji penyewe kuna uharibifu mwingi. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 5 inataka chaji ya nusu ampea, saa kumi au zaidi kidogo. Ukiipeleka ikaunganishwa pamoja na betri za lori kwenye chaja kubwa, inachemka, sahani zinapinda, inarudi ya moto ikiwa imeuawa. Muulize mwenye chaja anachaji kwa ampea ngapi. Ni haki yako kuuliza. Betri yenye vifuniko huongezwa maji safi ya betri yasiyo na asidi, mpaka kati ya alama ya juu na ya chini. Asidi haipungui kwa kukauka, kinachopungua ni maji. Ukiongeza asidi unazila sahani. Maji ya kisima hayafai, yana chumvi. Na betri iliyofungwa moja kwa moja usiichokonoe.

Ukisikia tik moja nzito kisha kimya, na taa hazififii, rilei imejibu ila umeme mkubwa hauvuki. Weka nyaya za mita kwenye boliti mbili kubwa za rilei. Kabla ya kubonyeza itasoma kama volti 12. Ukibonyeza inatakiwa ishuke karibu na sifuri. Ikibaki 12 huku rilei inagonga, sahani zake za ndani zimeungua, na sasa una haki ya kununua rilei. Ikishuka vizuri, hamia kwenye boliti ya stata yenyewe: kama volti 10 na zaidi zinafika hapo na haizunguki, fungua stata utazame kaboni. Zikiwa fupi au zimekwama kwenye nyumba zake, hazigusi. Safisha shaba ya mzunguko kwa msasa laini na utoe uchafu kwenye mifereji yake kwa ncha nyembamba.

Kabla ya kuifungua stata, lakini, pima ethi. Waya mmoja wa mita kwenye risasi ya kichwa cha hasi cha betri, kwenye kichwa chenyewe na si kwenye kibanio chake. Mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Bonyeza stata. Isizidi volti 0.2. Ikisoma volti moja au mbili, umeme unapotelea kwenye kibanio, kwenye waya au kwenye boliti ya ethi. Fungua boliti, sugua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi juu. Grisi ikitangulia kabla ya kukaza haisaidii. Kipimo hiki kinachukua dakika moja, na kwa pwani hii ndicho tunachokipenda kuliko vyote.

Stata ikilia kwa kasi huku injini imetulia, hilo si la umeme. Ni klachi ya stata ndani ya injini. Piga kiki uende kazini, upange siku ya kuifungua.

Tuje upande wa pili: injini inazunguka, haiwaki. Fungua plagi uisome. Ikiwa kavu kabisa baada ya kupiga kiki nyingi, petroli haifiki. Fuata koki, mpira wa mafuta na kabureta. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yapo, moto haupo au ni dhaifu. Ikaushe, safisha, rekebisha nafasi ya ncha iwe milimita 0.6 hadi 0.7, au kama kitabu cha pikipiki kinavyosema.

Kutazama moto: ivalishe plagi kofia yake, laza chuma chake kwenye kichwa cha injini, mbali na tundu ilikotoka. Mvuke wa petroli unatoka kwenye tundu lile, na cheche ikiwa karibu inauwasha. Shika kwa kitu kisichopitisha umeme, piga kiki. Moto mzuri ni wa buluu na unasikika ukidata. Moto mwekundu, mwembamba, unaoruka mara uko mara haupo, hautoshi. Ndani ya injini kuna mgandamizo, kuruka ni kugumu zaidi kuliko huku nje.

Moto ukikosekana, weka plagi mpya kwanza. Bado haupo? Kizungushe kikofia cha plagi kitoke kwenye waya. Waya wa plagi ukiwa umeota kutu mwishoni, kata nusu sentimita, rudisha kofia kwa kuizungusha. Kofia nyingi zina ukinzani wa karibu kilo-omu 5. Ikisoma hakuna njia kabisa, imekufa, na bei yake ni ndogo. Kisha koili: upande wa waya mwembamba unaoingia kutoka CDI husoma omu chache au chini ya moja, upande wa waya wa plagi husoma maelfu ya omu. Namba hizi hutofautiana kwa aina ya pikipiki. Kijiweni mna faida ambayo gereji nyingi hazina: Boxer imesimama kando ya Boxer, TVS kando ya TVS. Pima kwenye inayowaka, pima kwenye isiyowaka, linganisha.

Kabla ya kuituhumu CDI kuna jambo la kufanya. Pikipiki zetu ni za aina mbili. Kuna ambazo CDI inapata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneto, mtambo wa kuzalisha umeme ulio ndani ya injini. Hizo zinawaka kwa kiki hata betri ikiwa imetolewa. Na kuna ambazo CDI inakula volti 12 za betri. Hizo betri ikifa hata ukipiga kiki mpaka goti liume, hakuna kitu. Zijue kwa kuwasha funguo na kupima soketi ya CDI: kama kuna waya wenye volti 12, ni ya betri.

Kwenye ile ya magneto, swichi ya funguo na ile nyekundu huzima injini kwa kuupeleka waya mmoja ethi. Kwenye pikipiki nyingi za Kichina na Kijapani waya huo ni mweusi wenye mstari mweupe. Uchomoe kwenye CDI, piga kiki. Moto ukirudi, CDI ni nzima, koili ni nzima, kila kitu ni kizima; swichi ndiyo imeingia maji na kubaki imezima. Swichi inafunguliwa, inakaushwa, inasafishwa, fedha inabaki mfukoni. Kumbuka tu kuurudisha waya, la sivyo pikipiki haitazimika kwa funguo.

Kwenye ile ya betri, hakikisha volti hizo 12 zinafika CDI wakati stata inazunguka, maana mzigo ndipo unapokuwa. Baadaye pima pulsa, ile koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa kutoa moto. Nyingi husoma kati ya omu 100 na 300. Ikiwa haina njia, au inasoma sifuri, ndiyo tatizo. Yakiwa sawa yote haya, basi CDI, na kuijaribu ni kuazima ya mwenzako kwenye pikipiki ya aina ileile. Lakini injini ikishawaka tu, pima chaji hapohapo, kwa sababu rektifaya iliyoharibika ikipeleka volti 17 itaiua na CDI ya jirani, na urafiki pamoja nayo.

Ile inayozimika ikipata joto na kuwaka ikipoa huumiza vichwa. Koili, pulsa au CDI hupasuka kwa ndani. Ikipanuka kwa joto njia inakatika, ikipoa inaungana. Ipime palepale inapogoma, ikiwa ya moto. Ukisubiri ipoe utapata namba nzuri na hutajua lolote. Kama moto wa plagi upo hata wakati imegoma, pima nafasi za valvu, injini ikiwa baridi. Valvu zilizobana zinapoteza mgandamizo injini ikipata joto, na bodaboda inayozunguka kutwa inazibana mapema kuliko pikipiki ya nyumbani.

Chaji sasa. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa 4000 hadi 5000 kwa dakika, vichwa vya betri visome volti 13.5 hadi 14.5. Chini ya 13, betri hailishwi. Juu ya 15, rektifaya imeachia, betri inachemka na balbu zinaungua kila wiki. Ikiwa chini, chomoa soketi ya magneto. Zikiwa nyaya tatu za njano, kila mbili zisome ukinzani mdogo unaolingana, mara nyingi chini ya omu moja, na hata mmoja usiungane na chuma cha injini. Washa injini, geuza mita kwenye volti za AC, ongeza mafuta: kila jozi ipande kufikia makumi ya volti, na zote tatu zifanane. Zikifanana huku betri haichajiwi, tazama soketi ya rektifaya. Ikiwa imeyeyuka au imebadilika rangi ya hudhurungi, kiungio kimekuwa kikipata moto muda mrefu.

Wapo wanaotoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili kujua kama magneto inachaji. Acheni. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ikitoka ghafla volti zinaruka, na balbu, saa na CDI hulipia.

Spoti za taa mnazoongeza zihesabuni kabla ya kuzifunga. Mbili za wati 20 ni wati 40. Gawanya kwa volti 12, ni zaidi ya ampea 3. Ukikaa kijiweni usiku umewasha, injini imezimwa, betri ya ampea-saa 5 inakwisha kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Injini ikiwa taratibu nayo hailipi deni hilo lote.

Kuosha: maji baridi ya kawaida kwa mtu aliyetoka Pangani, lakini mashine ya presha isielekezwe kwenye swichi za usukani wala soketi. Msipulizie dizeli kwenye nyaya. Inalainisha plastiki na mpira. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri unatoka kwa maji ya moto na brashi, vifuniko vikiwa vimefungwa. Kiungio cha waya kichomelewe kwa risasi, kivikwe mpira wa kubana kwa joto, kisha kifungwe kwenye fremu kisitikisike.

La mwisho ni betri inayolala nzima na kuamka imekufa. Zima funguo, toa waya wa hasi. Weka mita kwenye ampea 10, iungane kati ya kichwa cha betri na ule waya. Katika hali hiyo usibonyeze stata, utaunguza mita. Namba ikiwa ndogo sana, shuka kwenye miliampea. Pikipiki isiyo na alamu isome karibu na sifuri. Ikisoma miliampea 20, hiyo ni karibu nusu ampea-saa kwa siku, na betri ya ampea-saa 5 inaisha kwa siku kama kumi bila kuguswa. Ikisoma 200, ni siku moja tu. Chomoa kimoja kimoja: alamu, redio, chaja ya simu, kisha rektifaya, maana nayo ikiharibika huvujisha. Ukichomoa chaja ya simu namba ikarudi sifuri, waya wake mwekundu uutoe kwenye betri, uuhamishie baada ya swichi ya funguo, na uuwekee fyuzi yake ya ampea 3 karibu na pale unapoanzia.

Mita iko hapa mezani, na balbu ya wati 21 pia. Mwenye pikipiki inayosumbua aisogeze tuanze kuipima, na wenye maswali waulize wakati tunafungua.